Mwacheni yule dogo! Gari halichorwi likioshwa tu, linachorwa hata likikaushwa



Wiki iliyopita niliweka hapa ile klipu ya staa wetu mmoja (jina nalihifadhi, sheria ya humu ndani mnaijua) akimfokea dogo wa car wash kwa sababu gari lake jipya jeusi limetoka na mistari mistari kwenye boneti. Mimi sikuandika maoni yoyote, niliuliza tu "mnasemaje wadau?" Na kweli mkasema. Komenti zilipita hata za ile habari ya mwanadada aliyerudisha mahari. Wengi mlikuwa upande wa staa. Mmoja akaandika dogo alipe. Mwingine akaandika vijana wa car wash wote ni wavivu. Mwingine akaandika kuosha gari ni kazi ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza, kwahiyo aliyeshindwa hiyo ameshindwa maisha.

Nimekaa na hizo komenti siku nne nzima. Leo naandika ya kwangu, na itakuwa ndefu, mtanisamehe. Mimi nasema yule dogo aachwe. Sisemi kwa kumuonea huruma. Nasema kwa sababu najua kabisa lile boneti lilichorwa saa ngapi na kwa kitu gani.

Rudini kwenye klipu. Zimeni sauti, msisikilize matusi, angalieni mikono tu. Kwanza angalieni kivuli cha dogo: kiko chini ya miguu yake, yaani hiyo ni saa sita, saa saba mchana, jua la utosi. Pili, angalieni kile anachofutia. Ni nusu ya fulana ya promosheni, zile za bure, na maandishi ya kifuani bado yapo. Tatu, na hili wengi mmelipita, rudini mwanzo kabisa kabla kelele hazijaanza. Kuna mkono unatoka kwenye buti la gari unarusha hiyo fulana, sauti inasema "tumia hii, fanya chapchap." Mkono una saa ya dhahabu. Mkono wa nani huo, mimi sitaji.

Kwahiyo gari lake, fulana yake, haraka yake. Halafu kosa la dogo.

MIMI NI NANI HATA NIONGEE HAYA

Wengi mnanijua kwa umbea wa mastaa, na sikatai, umbea ndo unalipa intaneti. Ila kabla ya hii blogu nilikuwa muosha magari. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yale ya kujifungia ndani, mjomba akaniambia kuna sehemu jirani na Mwenge wanatafuta vijana. Nikaenda siku moja nikijua ni ya muda. Nikakaa miaka miwili.

Miaka miwili nimeosha IST, Vitz, Harrier, Crown, Noah za abiria zenye mchanga wa Bagamoyo mpaka kwenye paa. Nimeosha na magari ya watu wakubwa mnaowafuatilia kila siku. Sina cheti cha ufundi, ila mambo mengine nimeyajua kwa kufukuzwa na kufokewa, na mengine nimeyasoma mwenyewe usiku kwenye simu.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni hiki: mteja anaogopa kuosha. Atasimama pale aone unaweka sabuni gani, unatumia presha kiasi gani, unapitisha wapi sponji. Ukifika kwenye kukausha anaondoka, anaenda kunywa soda, kwa sababu anaona kazi imeisha. Wakati hapo napo gari linaharibika.

KWA NINI KUKAUSHA

Nielezee kidogo, wanaojua mvumilie. Rangi ya gari lako haiko juu kabisa. Juu yake kuna ngazi nyingine haina rangi, kama kioo, mafundi rangi wanaiita klia. Hiyo ndo inayong'aa, na ndo inayoilinda rangi na jua. Sasa hiyo klia ni nyembamba mno. Kwa magari mengi ni maikroni 40 au 50 hivi. Unywele wako wa kichwani ni kama maikroni 70. Yaani kile kitu kinacholinda gari la milioni 60 ni chembamba kuliko unywele.

Halafu kumbuka magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Kabla hujalipokea bandarini limeshaoshwa mara nyingi, na huenda limeshapigwa polishi ili lipendeze kwenye picha. Kila polishi yenye msasa ndani yake inakula klia kidogo. Unaanza na kilichobaki.

Wakati wa kuosha, gari lina maji mengi na povu. Mchanga ukiwepo, maji na povu vinausaidia kuteleza. Wakati wa kukausha, maji yameondoka, povu limeondoka, kimebaki kitambaa, rangi na mkono wako unaosukuma. Punje moja tu ya mchanga ikikaa kati hapo, umeshika msasa. Na sisi tunavyopenda kuzungusha mkono kama tunasugua sufuria, tunachora duara. Ukilipeleka gari kwenye taa za kituo cha mafuta usiku unauona utando wa buibui kuizunguka taa. Kwenye gari nyeupe au la fedha huoni kirahisi. Kwenye jeusi unasomeka kama barua. Ndo maana wenye magari meusi wanagombana sana na waosha magari.

Sasa tuzipitie njia za kukausha moja moja, maana hapa ndo ubishi ulipo.

JUA NA UPEPO

Kuna watu wanasema bora usiguse kabisa, liache likauke lenyewe. Wazo sio baya, kwa sababu kisichogusa hakichori. Tatizo ni maji yetu. Dar sehemu nyingi car wash zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vya hapa vina chumvi. Maji yakikauka yanaondoka maji tu, chumvi na chokaa vinabaki pale pale tone lilipokuwa. Unapata madoa ya duara, meupe, gari zima kama lina ukurutu. Likikaa siku nyingi juani doa linashika, hata ukiosha tena halitoki. Likiwa bado jipya jaribu siki nyeupe iliyochanganywa na maji, paka ukiwa kivulini, suuza vizuri, usiiache ikaukie hapo. Likishazama ndani, huo ni ugomvi wa fundi polishi.

Wengine wanasema wewe liwashe, kimbiza barabarani, upepo utalikausha. Nimesikia hata wasanii wanajisifia hivyo. Huku barabarani kwetu? Gari bichi na vumbi ni unga na maji, unakanda chapati. Kitu kimoja tu nakubali: ukishakausha, endesha taratibu mita chache ukikanyaga breki kidogo kidogo, diski zikauke. Zile alama za kutu ya njano unazoziona kwenye diski asubuhi baada ya kuosha jioni zinatokana na maji hayo, na breki zenyewe zinaziondoa. Ila hiyo ni kwa ajili ya breki, sio kwa ajili ya bodi.

FULANA, KHANGA NA TAULO LA KUOGEA

Hapa ndo kwenye moyo wa mada. Tanzania hii gari linakaushwa na nguo iliyokufa. Fulana, khanga iliyopauka, shuka la mtoto, hata soksi nimewahi kuona. Watu wanasema "ni pamba, pamba ni laini." Pamba ni laini kwenye ngozi yako wewe. Fulana ina mishono, na mshono ni mgumu. Fulana ya promosheni ina maandishi kama plastiki, yakizeeka yanapasuka na kuwa na ncha. Halafu fulana hainywi maji mengi, inayasukuma tu huku na huku, kwahiyo unapita mara tano sehemu ambayo ungepita mara moja. Kila kupita ni nafasi nyingine ya kuchora. Na uchafu ukiingia unakaa juu juu ya uzi, unaburuzika na mkono.

Taulo la kuogea lina afadhali kidogo likiwa jipya na nene, ila linaacha manyoya, na ule upindo wake wa pembeni unachora vile vile.

MPIRA WA KUVUTA MAJI

Ule kama wa kusafishia madirisha. Kwenye vioo sawa, tumia. Kwenye bodi, usikubali hata ukibembelezwa. Kitambaa angalau punje ikiingia inaweza kuzama kwenye nyuzi. Mpira hauna pa kuificha, punje inakaa ukingoni na unaiburuza kutoka boneti mpaka kwenye taa. Mstari mmoja mrefu, mnyoofu kama umepigwa rula.

NGOZI YA KUKAUSHIA

Hii wazee wanaipenda sana. Ya asili ni ngozi ya mnyama iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki, siku hizi mara nyingi ya kondoo. Kuna na za kutengeneza, zile zinazouzwa kwenye kopo la plastiki zikiwa na unyevu. Zinanyonya maji vizuri mno, unakamua unaendelea. Ubaya wake ni kwamba iko bapa, haina nyuzi ndefu, kwahiyo mchanga unakaa kati yake na rangi kama ule wa mpira. Tena ikikauka inakuwa ngumu kama ubao. Mimi naikubali kwa mtu mwenye uhakika gari limeoshwa likaoshika. Pale car wash yenye foleni ya magari tisa, uhakika huo unautoa wapi?

KOMPRESA

Hewa haichori. Kama kuna njia salama kuliko zote kwa klia basi ni hii, na kwa wenzetu nje kuna mashine maalumu za kupuliza gari zima kwa hewa ya vuguvugu. Huku kwetu tuna kompresa ya kujazia upepo wa matairi, ambayo inapuliza sehemu ndogo tu kwa wakati. Ukisema ukaushe gari zima kwa hiyo, mteja atalala na umeme utakatika. Ila kwenye vichochoro haina mpinzani: vioo vya pembeni, vitasa, nembo, taa, grili, nati za rimu. Hapo ndo maji yanapojificha, halafu ukishamaliza kila kitu yanachuruzika yanaacha mstari. Kuwa makini tu ile ncha ya chuma isiguse bodi, na ipulize kwanza pembeni itoe maji na mafuta yaliyolala kwenye mpira.

TAULO LA MAIKROFAIBA

Haya, hukumu yangu ni hii. Taulo nene la maikrofaiba, lililo safi, ndo njia bora kwa mazingira yetu. Hizo nyuzi ni poliesta na nailoni, zimechanwa kuwa nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Zinanyonya maji mengi bila wewe kukandamiza, na punje ikiingia inazama ndani kwenye manyoya badala ya kubaki juu. Kariakoo unapata la kawaida kwa sh 5,000, zuri kubwa labda sh 10,000 na kitu. Ukiona kwenye karatasi yake wameandika gramu kwa mita ya mraba, tafuta 400 kwenda juu. Angalia na ukingo wake, usiwe na mshono mgumu, na lebo ing'oe.

Ila tusidanganyane, taulo peke yake sio dawa. Taulo zuri lililochafuka ni baya kuliko fulana safi. Namna ya kutumia ni hivi:

Kwanza gari liwe kivulini na boneti liwe limepoa. Ukiweka kiganja ukatoa haraka, bado.

Pili, suuza ya mwisho toa ile bunduki ya presha, acha mpira utupu, maji yatoke taratibu bila nguvu, anzia paa. Maji yakitiririka kama shuka yanaondoka na wenzake. Hapo unaweza kupunguza zaidi ya nusu ya kazi bila kugusa kitu.

Tatu, tandaza taulo juu ya boneti kama unatandika kitanda, lipapase, linyanyue. Au livute taratibu kuja kwako, mstari mnyoofu, bila kulikandamiza. Usizungushe. Paa kwanza, vioo, boneti, buti, kisha milango kushuka chini. Ile sehemu ya chini ya milango na bampa ndo yenye mchanga, ina taulo lake la pili. Rimu zina kitambaa chao cha tatu, na hicho kisipande juu milele.

Nne, fungua milango na buti ufute kingo, maana maji yanayokaa pale ndo mwanzo wa kutu na harufu.

Tano, kulifua. Lifue peke yake, usichanganye na nguo za pamba, usitie dawa ya kulainishia nguo kwa sababu inaziba zile nyuzi zisinywe maji. Lianike kivulini, mbali na barabara ya vumbi. Usilipige pasi.

Sita, na hii ndo niliyotaka kuifikia muda wote: taulo likianguka chini, limekufa kwa siku hiyo. Usilikung'ute. Weka pembeni, chukua jingine.

NILIVYOJUA HIYO YA SITA

Hili sijawahi kuliandika popote.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wangu wa kwanza pale. Saa sita mchana akaja jamaa mmoja maarufu, kipindi kile kila ukiwasha TV yupo. Crown nyeusi, safi, ndo kwanza ametoka kuinunua. Anawahi harusi Mbezi, yeye ndo mshereheshaji. Akasema wadogo zangu nina dakika 20. Kivulini kulikuwa na magari mawili, tukaiosha juani.

Tulikuwa wawili kwenye hilo gari. Mimi na dogo mmoja kutoka Singida, mgeni, alikuwa na wiki sita tu. Nikampa milango na rimu, mimi nikachukua paa na boneti kwa sababu ndo niliyekuwa mzoefu. Vitambaa vilikuwa viwili kwa kijiwe kizima, vipande vya shuka. Nikiwa katikati ya boneti cha kwangu kikaponyoka, kikaanguka kwenye mchanga. Nikakiokota. Nikakikung'uta kwenye paja mara mbili. Nikaendelea. Nilikuwa najua. Sio kwamba sikujua. Niliona dakika zinakwenda na mwenye gari kasimama na funguo mkononi.

Jumatatu akarudi. Alikuja mpole, na hicho ndo kilitisha zaidi. Akamwonyesha bosi boneti, mistari kama kumi na kitu, mingine inaingia mpaka kucha inashika. Bosi akatuita, akauliza nani alikausha hapa?

Nikanyamaza. Dogo naye akanyamaza, akaniangalia. Bosi akahesabu mwenyewe: huyu ana mwaka, huyu ana wiki sita. Akamwambia dogo avue ile aproni. Hela yake ya wiki, sh 32,000, ikazuiwa ili kuchangia polishi. Dogo hakubishana. Alisema tu "sawa bosi," akachukua begi lake, akapita mbele yangu bila kunisemesha.

Mimi nikabaki pale mwaka mwingine. Kila gari jeusi likiingia nilikuwa najifanya nina kazi nyingine.

Kwahiyo niliposoma komenti zenu, "alipe", "mvivu", "ameshindwa maisha", niliziona kama ndo zile nilizomwacha dogo wa Singida azibebe peke yake. Na klipu niliiweka mimi, kwa ajili ya kutafuta wasomaji. Hilo nalo niliseme.

NANI ANUNUE TAULO?

Najua mnachotaka kusema. Mtasema kuosha magari ni kazi yake, fundi anakuja na vifaa vyake, hata kinyozi ana mashine yake. Hoja nzuri, naiheshimu. Na mimi kosa langu lilikuwa langu, hakuna bosi aliyenilazimisha kuokota kile kitambaa.

Lakini tupige hesabu. Pale kwetu kuosha gari dogo ilikuwa sh 7,000. Kijana anapata sh 2,000 kwa gari. Taulo zuri ni sh 10,000, yaani magari matano, na kwa kufanya kazi vizuri anahitaji matatu. Hapo hajala, hajalipa nauli. Atatumia shuka la nyumbani kwao, na usimlaumu. Anayechukua zile sh 5,000 zinazobaki ndo mwenye kijiwe, maji ni ya kwake, umeme ni wa kwake, basi na taulo liwe la kwake. Asiponunua, asije kukata hela ya kijana boneti likichorwa.

Na wewe mwenye gari, hasa nyie mastaa wetu mnaosoma humu kimyakimya, nawaona kwenye namba. Taulo matatu ni sh 30,000. Mnamwagia watunzaji wa mlangoni klabu zaidi ya hiyo. Weka kwenye buti, ndani ya mfuko safi, mpe kijana mkononi, mwambie hili la juu, hili la chini, hili la rimu. Halafu usimpe dakika 20. Ukimpa fulana ya promosheni saa saba mchana na ukamwambia chapchap, umechora gari lako kwa mkono wa mtu mwingine. Kupiga polishi boneti moja tu inaweza kula zaidi ya hizo taulo zote, na kila ukipiga klia inapungua.

Na wewe dogo mwenzangu wa car wash, najua unasoma kwenye simu ukisubiri gari. Jifunze kusema "kaka, hiki kitambaa kitakuchorea gari, nipe dakika nilisogeze kivulini." Kumwambia hivyo mtu maarufu ni kazi, nakuelewa, mimi nilishindwa. Ila sema mbele ya mwenzako, asikie. Na kikianguka, kiache chini.

Staa wetu wa kwenye klipu sina ugomvi naye, nyimbo zake napenda. Mimi namwomba kitu kimoja: arudi pale, amwambie dogo fulana ilikuwa yake. Video haina haja.

Na ile klipu nimeshaifuta humu. Mkiitafuta hamtaiona.

Dogo wa Singida, kama bado uko mjini na unasoma blogu za umbea kama tulivyokuwa tunasoma pamoja nyuma ya tanki la maji, boneti la ile Crown nilikausha mimi. Namba yako ya zamani haipatikani. Sh 32,000 zako ninazo, na nyongeza juu. Nitumie ujumbe, niulize jina la yule mbwa wa mlinzi nijue ni wewe, nitakujibu.

Haya wadau, uwanja wenu. Wewe gari lako unakausha na nini? Na kwenye ile klipu, bado mnasema dogo alipe? Ila leo matusi nafuta.